Tuonyesheni Kamba Kwanza

Wiki jana jamaa mmoja niliyesoma naye chuo alinitumia slaidi 42 kuhusu lifti ya angani. Picha tamu ajabu! Utepe mweusi unachomoza baharini, unapenya mawingu, unapotelea kwenye nyota, na vyumba vya abiria vinaupanda kama siafu juu ya uzi. Slaidi ya mwisho ilikuwa ramani ya Kenya, mstari wa ikweta umepigwa rangi nyekundu, na swali kwa herufi kubwa: KWA NINI SI SISI?

Nilizipitia zote 42 nikitafuta jambo moja tu. Kamba itatengenezwa kwa kitu gani, na nani amekipima? Slaidi ya 17 ilijibu: "nanotyubu za kaboni". Basi. Maneno matatu, halafu tukaendelea na viti vya abiria.

Leo nitaandika kwa hasira kidogo, mnivumilie. Hasira yenyewe si ya mtu anayelicheka wazo hili. Ni ya mtu aliyeliamini na kuwaaminisha wengine. Mwaka 2006 nilikuwa nikisaidia klabu ya tarakilishi katika shule moja ya upili, nikawaambia vijana wa kidato cha pili kwamba wakifika umri wa kuajiriwa lifti ya angani itakuwa inafanya kazi. Tarehe nilikuwa nayo kabisa: 12 Aprili 2018. Sikuitunga mimi. Kampuni ya LiftPort ya Marekani ilikuwa imeitangaza na kuanza kuhesabu siku. Niliiandika ubaoni kwa chaki.

Tarehe hiyo ilipofika, mmoja wa wale vijana, sasa mtu mzima mwenye kazi yake, alinitumia ujumbe mfupi: "Mwalimu, shikamoo. Lifti imefika ghorofa ya ngapi?"

Nilicheka. Kisha nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mtengeneza programu na kazi yangu ya kila siku ni kumuuliza mtu anayeniletea tarehe: umeipata wapi hiyo? Siku ile ya 2006 sikuuliza.

Kwa wasiolijua jambo lenyewe, nitaeleza kwa kifupi. Setilaiti iliyo juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786 huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona imesimama mahali pamoja. Sasa teremsha kamba kutoka huko mpaka ardhini, na upande wa pili endelea kuirefusha kwenda juu zaidi ili uzito wa pande mbili usawazike. Kamba itasimama yenyewe, imekazwa, bila mnara wowote. Ukiwa na gari la kuipanda, umeshafika angani bila roketi.

Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895 baada ya kuuona mnara wa Eiffel. Mrusi mwingine, Yuri Artsutanov, ndiye aliyeandika mwaka 1960 kwamba kamba iteremshwe kutoka juu badala ya mnara kujengwa kutoka chini. Jerome Pearson wa Marekani alifanya hesabu hizo upya, peke yake, na kuzichapisha mwaka 1975. Mwaka 1979 Arthur C. Clarke akaitungia riwaya. Hesabu zao ni sahihi. Sina ugomvi na fizikia. Nina ugomvi na slaidi ya 17.

Hebu tuzungumze kuhusu hiyo kamba, maana kamba hukatikia pabovu.

Chukua kamba ya aina yoyote, iachie ining'inie, na uirefushe mpaka ikatike kwa uzito wake yenyewe. Huo urefu tuuite urefu wa kujibeba. Chuma bora kabisa hakifikishi kilomita 100. Kevlar, ile nyuzi ya fulana za kuzuia risasi, hufika takriban 250. Zylon, ambayo ni miongoni mwa nyuzi zenye nguvu zaidi zinazouzwa madukani, hufika kama 380. Lifti ya angani yenye kamba ya unene uleule kutoka chini hadi juu inahitaji karibu kilomita 4,960. Ndiyo, umesoma vizuri. Elfu nne mia tisa na sitini.

Wapenzi wa lifti watakuambia: tutaifanya kamba iwe nyembamba chini na nene huko juu, mahali inapobeba uzito mkubwa zaidi. Ni kweli, ndivyo Pearson alivyofanya. Tatizo ni kwamba unene huo unakua kwa kipeo, na kipeo hakina huruma. Kwa hesabu ya kukaribia: gawanya 4,950 kwa urefu wa kujibeba, jibu lipandishe kuwa kipeo cha namba e, na hapo utapata ni mara ngapi kamba lazima iwe nene kule juu kuliko chini. Ni programu ya mistari kumi. Niliiandika nikisubiri chai ichemke.

Anza na kamba yenye mkato wa milimita mraba 1 pale ardhini. Ukitumia Kevlar, kule juu mkato wake utazidi milimita mraba milioni 250, yaani mita mraba 250. Hilo ni eneo kubwa kuliko uwanja wa voliboli! Na kamba ya unene wa uwanja, kwa maelfu ya kilomita, chini ingebeba kilo mia tatu na kitu, bila kuacha nafasi yoyote ya usalama. Hapo umejenga mlima wa Kevlar wa kupandisha pikipiki na abiria wawili.

Ukitumia Zylon, mkato wa juu unashuka hadi kama milimita mraba 460,000, sawa na meza ndogo. Tazama vizuri kilichotokea. Nguvu kwa uzito iliongezeka mara moja na nusu tu, lakini unene ulipungua zaidi ya mara mia tano. Endelea. Ukipata nyuzi yenye nguvu maradufu ya Zylon kwa uzito uleule, unachukua kipeuo cha pili cha 460,000, yaani chini ya 700. Mkato huo ni kama mpini wa jembe. Bado ni mzigo mzito mno wa kupandisha kwa roketi, lakini kutoka uwanja wa voliboli hadi mpini wa jembe ni safari ndefu, na nyenzo peke yake ndiyo iliyokufikisha.

Ndiyo maana nasema kamba ndiyo mradi. Hakuna injini, hakuna leza, hakuna kampuni wala mkutano utakaobadilisha kipeo hicho. Ni nyenzo pekee inayoweza, na kila hatua ndogo ya nyenzo inalipa kuliko mambo mengine yote yakijumlishwa. Sasa niambieni, kwa nini inapewa slaidi moja kati ya 42?

Nyenzo iliyoamsha matumaini ni nanotyubu za kaboni, vijineli vya atomi za kaboni vyembamba mara maelfu kuliko unywele, vilivyopata umaarufu baada ya kazi ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Kwenye karatasi nguvu yake inatosha. Ndipo Bradley Edwards, mwanafizikia wa Marekani, akalipwa na taasisi ya NASA ya mawazo ya mbali kuandika ripoti mbili, 2000 na 2003. Alichora utepe wa kilomita 100,000, akakadiria takriban dola bilioni 10 na miaka kama 15 ya kazi. Nimpe haki yake: aliweka sharti wazi kwamba hesabu hizo zinasimama nyenzo ya gigapaskali 100 ikipatikana. Waliomfuata ndio waliolidondosha sharti njiani wakabaki na miaka 15.

Wanaoandika programu mnalijua kosa hili. Unafungua kazi ya mtu, kila kitu kimepangika, vitufe vinang'aa, halafu katikati, pale palipo na moyo wa kazi yote, unakuta maneno "hapa pataandikwa baadaye". Na huyo mtu tayari amempa mteja tarehe.

Tarehe za lifti zimekuwa hivyohivyo. LiftPort ilisema 2018, kisha ikasogeza hadi 2031. Mwaka 2012 Obayashi, kampuni kubwa ya ujenzi ya Japani, ilitangaza lifti ya kilomita 96,000 ifikapo 2050, abiria wakisafiri kwa kilomita 200 kwa saa na kufika kituo cha katikati baada ya wiki moja hivi. Katika mpango wake, ujenzi ungeanza 2025. Mwaka 2025 ulifika bila ujenzi. Ungeanzaje? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua cha China walionyesha nanotyubu yenye urefu wa nusu mita, ikawa habari kubwa. Mwaka 2018 chuo hichohicho kilionyesha fungu la nanotyubu lenye nguvu ya zaidi ya gigapaskali 80, nguvu ya kutosha kabisa, lakini kwa urefu wa sentimita tu. Hiyo ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini kutoka sentimita hadi kilomita 96,000 hakuna mtu aliye na haki ya kutaja mwaka. Ahadi ni deni, na deni la kukopa kwa jina la maabara ya mtu mwingine ni baya zaidi.

Msidhani jamii hii haijawahi kufanya jambo la maana. Ilifanya, tena jambo zuri sana, ndiyo maana nina uchungu.

Kuanzia 2005 shirika la Spaceward liliendesha mashindano kwa zawadi za NASA. Yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza: jenga gari dogo lipande kamba kwa nishati inayorushwa kutoka chini. Ya pili: leta kamba. Sheria ya kamba ilinipendeza kwa ukali wake. Kitanzi cha gramu 2 tu kinafungwa kwenye mashine, kinavutwa mpaka kikatike. Ili ushinde, kamba yako ilipaswa kuishinda kamba ya waandaaji, iliyotengenezwa kwa nyuzi za madukani, kwa asilimia 50. Hakuna slaidi. Hakuna hotuba. Mashine inavuta, sindano inapanda, kitu kinakatika, namba inaandikwa.

Novemba 2009, katika jangwa la California, timu ya LaserMotive ilipandisha gari lake kama mita 900 juu ya kamba iliyoning'inizwa kwenye helikopta, kwa mwanga wa leza kutoka ardhini, ikajinyakulia dola 900,000. Kampuni hiyo haikufa. Baadaye ilibadili jina ikawa PowerLight na kuendelea na kazi ya kurusha nishati kwa leza. Hayo ndiyo matunda ya kupimwa.

Na kamba je? Zawadi ilifikia dola milioni 2. Mpaka 2011, mara ya mwisho, hakuna aliyeichukua. Hakuna hata mmoja!

Mimi naona matokeo hayo ndiyo habari muhimu kuliko zote ambazo jamii hii imewahi kutoa. Dola milioni 2 ziliwekwa mezani, na dunia nzima haikuweza kuleta gramu 2 za kamba iliyozidi ya dukani kwa nusu. Mtu mwaminifu angeibandika namba hiyo ukutani, kisha kila mwaka angeivuta kamba mpya na kuandika namba mpya chini yake. Hata kama inapanda kidogo kidogo, tungejua tuko wapi. Badala yake mashindano yakaisha, mikutano ikaendelea. Mwaka uliofuata, 2012, LiftPort iliomba michango ya watu mtandaoni, ikapata zaidi ya dola 100,000, safari hii ikizungumzia lifti ya mwezini. Picha mpya, tarehe mpya. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayafumi kamba.

Haya, turudi kwenye slaidi ya mwisho, ile ya KWA NINI SI SISI. Hii ndiyo iliyonitoa usingizini.

Hoja yao ni kwamba lifti lazima iwe ikweta au karibu yake, Kenya iko ikweta, kwa hiyo tujiandae, tutenge ardhi, tuunde kamati. Clarke mwenyewe, aliyeishi Sri Lanka, ilibidi akisogeze kisiwa chake hadi ikweta ndani ya riwaya, na sisi tumepewa bure! Ni hoja tamu. Ila Edwards hakuichagua Kenya wala nchi kavu yoyote. Alichagua jukwaa linaloelea mashariki mwa bahari ya Pasifiki, kwa sababu huko radi na tufani ni chache na jukwaa linaweza kusogezwa kamba ikwepe setilaiti na takataka za angani. Anayetaka kusimamisha utepe wa kaboni karibu na Kisii au Kakamega awaulize kwanza wenyeji kuhusu radi.

Lakini hata tungechaguliwa, nawauliza: si tulishakuwa ikweta? Italia ilijenga kituo cha San Marco baharini karibu na Malindi, takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa sababu hiyohiyo ya kuwa karibu na ikweta. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka pale kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Moja iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wetu, 12 Desemba 1970, nayo ikawa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Jina letu, maji yetu, mstari wetu. Roketi si yetu, setilaiti si yetu, na maarifa pia.

Setilaiti yetu ndogo ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani mwaka 2018, miaka 30 baada ya San Marco kurusha ya mwisho. Iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Taifa-1 ilifuata Aprili 2023, nayo ilirushwa kutoka California. Mnaona? Tulipokuwa na kitu cha kurusha, ikweta haikutusaidia chochote. Na tulipokuwa na ikweta, hatukuwa na kitu cha kurusha. Kiwanja si mtaji kama hujui kujenga.

Najua mtakachonijibu. Ndege nazo zilichekwa. Sawa, lakini ndugu Wright hawakutangaza tarehe ya safari ya kwanza ya abiria. Mwaka 1901 walijenga kisanduku cha kupimia upepo, wakajaribu mabawa madogo mengi, wakaandika namba. Waliruka 1903 kwa sababu walikuwa wamepima. Huo mfano ni wangu, si wenu.

Mtasema pia lifti ya mwezini inawezekana kwa nyuzi za madukani. Kweli kabisa, mvutano wa mwezi ni mdogo na kipeo kinakuwa na huruma. Basi isemeni hivyo, na msitumie uwezekano wa ile ya mwezini kuuza ile ya duniani.

Na mtasema vijana wanahitaji ndoto. Hapa ndipo tunapokubaliana zaidi, kwa maana mimi ndiye niliyesimama mbele ya vijana na chaki mkononi. Ndoto yenyewe haikuwaumiza. Kilichowaumiza ni kuambiwa kwamba sehemu ngumu imeshamalizwa na watu wengine mahali pengine, kazi yao ni kusubiri kupanda. Ningewaambia ukweli, kwamba lifti nzima imekwama kwa sababu hakuna ajuaye kusokota uzi mrefu wa kutosha, huenda mmoja wao angekwenda kusomea nyuzi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapenzi wa lifti, wa Kenya na wa kwingineko, ni dogo. Rudisheni ile mashine ya kuvuta kamba. Kila mwaka vuteni, andikeni namba. Kila slaidi ya kwanza iwe na mambo matatu: nguvu iliyopimwa, urefu wa kipande kilichopimwa, na aliyekipima. Tarehe ziondoeni kabisa mpaka hapo. Na kwa wale wanaotaka kamati ya ikweta: hela hizo pelekeni kwenye maabara ya nyenzo ya chuo chochote cha umma, mnunue mashine ya kupimia nyuzi, mwanafunzi avute katani, hariri, kaboni, chochote. Hata lifti isipojengwa katika uhai wetu, nyuzi imara zina kazi elfu hapa chini.

Nimemjibu yule jamaa wa slaidi 42. Nimemwambia nitasaidia, nitaandika hata programu ya hesabu bila malipo, akinitumia namba tatu za slaidi ya kwanza. Bado nasubiri.

Na yule kijana wa ujumbe wa 2018 nilimjibu siku ileile. Nilimwandikia: marahaba, mwanangu. Bado tuko chini kabisa. Tunatafuta kamba.